Ndoo ya Ghorofa ya Nne

"Niachie koki yangu, kaka!"

Hayo ndiyo maneno ya kwanza Scola kumwambia Januarius, na wala hakuyasema kwa sauti ndogo. Duka la vifaa vya ujenzi karibu na stendi ya Bariadi lilikuwa limejaa watu waliotoka mnadani, wengine bado wana fimbo za kuswagia ng'ombe mkononi, na wote waligeuka kutazama. Ilikuwa imebaki koki moja tu ya shaba, ile nzito isiyovuja. Upande mmoja ilishikwa na Scola, upande wa pili na mwanaume mrefu mwenye ovaroli la kijani.

"Yako umeinunua lini, dada?" mwanaume akauliza.

"Nimeiona kwanza."

"Hata mwezi wa angani jana usiku uliuona kwanza. Mbona hukuuchukua?"

Duka zima likacheka. Scola hakucheka hata kidogo. Alikuwa amevaa gauni la kitenge cha njano lililomkaa sawasawa, nywele amezisuka za kurudi nyuma, maana mwenye saluni hatoki nje hovyo hovyo. Sinki lake lilikuwa linavuja tangu juzi, wateja wanakanyaga maji, halafu mtu amletee utani wa mwezi!

"Mwenye duka, mwambie huyu mwanaume aachie."

"Mama, mimi nauza koki, siamui kesi," mwenye duka akasema.

Mwanaume akaachia. "Chukua. Lakini utaifunga vibaya, halafu nitaitwa mimi."

"Uitwe wewe kama nani?"

Mwanaume alinunua misumari yake, akatoka, akamwacha Scola na koki mkononi na hasira kifuani.

Jibu alilipata Jumatatu. Bwana Danford, mwenye jengo la ghorofa nne ambalo chini yake ndiyo ilikuwa saluni ya Scola, aliwakusanya wapangaji wote uani, na ubavuni mwake alisimama lile ovaroli la kijani. "Huyu ni fundi Januarius, kwao Kalemela," Danford akasema. "Maji ya idara yanatoka mara mbili kwa wiki, nyie mnayajua. Kuanzia sasa maji ya kuogea na kufulia hayamwagwi tena. Fundi atawaeleza."

Fundi akaeleza. Maji ya bafuni na ya kufulia yangeshuka kwa bomba lake hadi nyuma ya jengo, yachujwe kwenye kokoto na mchanga na shamba dogo la matete, kisha pampu iyapandishe kwenye tanki la bluu juu ya paa. Kutoka huko yangeshuka tena kwa ajili ya vyoo na kudeki. Maji safi ya kupikia yangebaki kwenye tanki jeusi. "Na maji yenye rangi na dawa za nywele," akamalizia huku akimtazama Scola, "yasiingie kabisa kwenye bomba la bafuni. Yana njia yake, yanakwenda chemba. Tumeelewana, dada wa koki?"

"Mimi nina jina," Scola akasema.

"Nitalijua siku utakayoniita."

Hazikupita wiki mbili akamwita, na kwa aibu kubwa. Ile koki aliifunga mwenyewe kwa kiburi chake, ikavuja vibaya kuliko ya zamani. Siku ya tatu sinki halifai, mteja yuko kitini na rangi kichwani, Scola akampeleka kumsuuza bafuni kwa nyuma. Mmoja, wawili, watatu. Kesho yake asubuhi mama mmoja wa ghorofa ya pili alivuta maji chooni, yakashuka rangi ya damu ya mzee. Alipiga kelele jengo zima likasikia, akidhani ni damu yake mwenyewe.

Januarius alishuka na kikombe cha bati hadi mlangoni mwa saluni. Akakiweka mbele ya kioo, kati ya vitana na chupa za mafuta.

"Rangi ya nani hii?"

Scola alitazama kikombe. Akatazama kucha zake. "Inaweza kuwa ya mtu yeyote."

"Matete yangu yamenyauka. Nilipanda kwa mikono yangu, nikayabeba kutoka bondeni, wewe unayaosha kwa rangi ya nywele! Una roho ya namna gani wewe?"

"Matete! Unanifokea mbele ya wateja kwa ajili ya majani?"

"Nakufokea kwa ajili ya watu sitini wanaoishi humu!"

Walifokeana mpaka mteja akajifunga kitambaa mwenyewe akatoka. Lakini fundi alipomaliza kufoka, aliinama chini ya sinki, akafungua ile koki, akaifunga upya kwa uzi na gundi, akapangusa sakafu kwa tambara lake mwenyewe. Wakati anaondoka, bila kugeuka, akasema, "Rangi yenyewe nzuri. Ingekupendeza."

Scola alibaki amesimama na kitana mkononi, anamchukia kweli kweli. Jioni akajipaka ile rangi.

Mapenzi yao yalianzia hapo, na yalikuwa mapenzi ya kugombana. Januarius alipewa chumba ghorofa ya nne ili awe karibu na pampu. Scola alikaa ghorofa ya tatu na mama yake Milembe, mjane aliyetoka Sapiwi kuja kutibiwa goti. Simu ya Scola ikawa hailali.

"Umekula, malkia wa damu ya mzee?"

"Nimekula. Na kelele za pampu yako zimemwamsha mama yangu."

"Mwambie mama nitaipaka mafuta. Na wewe njoo nikuonyeshe matete, yamechipua."

"Mwanaume mwingine angenipeleka kula kuku. Wewe unanipeleka kuona matete!"

Alikwenda lakini. Alikaa naye juu ya tofali, gauni lake amelikunja magotini, akayatazama maji yaliyoingia na povu la sabuni upande mmoja yakitoka meupe upande wa pili. Akampenda kwa jinsi alivyoyatazama yale maji. Hakumwambia. Alimwambia tu kwamba viatu vyake vibaya.

Mwezi wa tisa, jua limekausha kila kitu na pamba imeshauzwa, Januarius alituma mshenga. Mshenga alikuwa mzee Masunga wa Sapiwi, rafiki wa marehemu baba yake Scola, mtu anayejua kusema. Mama Milembe alimpokea vizuri. Alikuwa ameshapeleleza ukoo wa kijana na hakuona kasoro. Akakubali, akapiga vigelegele mwenyewe, na Scola nyuma ya pazia akauma kanga kwa furaha.

Mzee Masunga angeaga hapo, mambo yangekwisha. Lakini alikuwa ameonja chai, akanogewa, akataka kumsifia kijana zaidi.

"Mkwe umepata, mama! Kwanza haya maji unayotumia, nani ameyaleta? Ni yeye! Hata akioga kule juu, hamwagi. Yanazunguka, yanarudi kwako. Kila tone la mkwe wako linakufikia wewe!"

Mama Milembe aliweka kikombe chini taratibu.

Wenye kujua mila zetu watanielewa. Mkwe wa kiume na mama mkwe hawatazamani usoni, hawapishani mlangoni, na kitu cha bafuni cha mmoja hakionwi na mwingine. Mama Milembe alikuwa anajua tangu zamani kwamba yale maji ni ya watu walioogea, na hayakumsumbua, maana walikuwa watu baki. Lakini Januarius tangu dakika ile hakuwa tena mtu baki.

"Nilikuwa nadeki kibaraza asubuhi ya leo," akasema. "Nimepiga magoti. Nimepiga magoti, Masunga, na goti langu hili bovu, mikono yangu imezama kwenye maji aliyoogea mkwe wangu!"

"Mama, hayo yamechujwa..."

"Toka nyumbani kwangu!"

Mzee Masunga alitoka kofia mkononi. Mama akainuka, akamwaga ndoo yote ya kudekia dirishani, akamgeukia Scola. "Huyo mwanaume ni Msukuma au si Msukuma? Alijua anataka kumwoa mtoto wangu, akaniunganishia bafu lake! Hapana. Ndoa hiyo sitaki kuisikia."

Kesho yake asubuhi ndipo jengo lote lilipochafuka. Januarius alipanda juu, akafungua tanki la bluu, akayaachia maji yote. Lita elfu kumi, mwezi wa tisa! Yalishuka mtaroni yakapita mbele ya maduka, ng'ombe wa watu wakayanywa barabarani. Vyoo vya ghorofa zote vikakauka. Danford alitoka na bukta na taulo begani, akipiga kelele kama ameibiwa.

"Una wazimu?"

"Kuna usafi ulitakiwa kufanyika, bosi," Januarius akasema.

"Usafi gani? Ulifanya mwezi uliopita!"

"Huu ni mwingine."

Wapangaji walimtukana kwa zamu. Chini saluni, kila mteja alikuwa na lake la kusema, na yote yalikuwa moja: amekataliwa mchumba, sasa analikomoa jengo zima.

Scola alikuwa na dawa ya nywele mikononi, glavu hadi viwiko, na mama yake amekaa kwenye kochi la wateja akisubiri kusukwa. Akabonyeza simu kwa kiwiko, akaweka spika.

"Wewe Januarius, umetukomoa?"

"Scola mpenzi wangu, nisikilize. Nimemwaga kwa sababu..."

Mama Milembe akakohoa.

Simu ikanyamaza. Scola akasubiri. Saluni nzima ikasubiri.

"Kwa sababu gani? Sema! Watu hawana maji ya choo, mgonjwa wa goti anapanda ngazi na ndoo, sema sababu!"

"Siwezi kusema sasa hivi."

"Huwezi kwa sababu huna! Mama yangu amekukataa, ukaona umwadhibu na jengo lote. Kumbe una roho ndogo hivyo? Usinipigie tena. Sikutaki, na matete yako sikuyataka, na viatu vyako vibaya kweli!"

Akakata kwa kiwiko hicho hicho. Halafu akaizuia kabisa namba yake, akaendelea kumpaka mteja dawa huku machozi yanamshuka, na alipoulizwa akasema dawa ina moshi.

Wiki mbili zilipita hivyo. Tanki likajaa tena polepole, vyoo vikarudi, chuki haikuondoka. Mama Milembe alikataa katakata kugusa maji ya tanki la bluu, akawa anateka ya tanki jeusi kwa kibuyu hata ya chooni, na kila akiteka anamlaani mtu wa juu. Scola akisikia nyayo za Januarius kwenye ngazi, alifunga mlango kwa kishindo ili asikie. Alimchukia mchana kutwa, na kumchukia huko kulimchosha kuliko kusuka.

Na siku zote hizo kulikuwa na habari ya ndoo. Kila siku asubuhi, na tena alasiri akitoka kazini, Januarius alishuka kutoka ghorofa ya nne na ndoo ya maji ya povu, akaenda kuimwaga kwenye mpapai uliokuwa nyuma ya ukuta, mbali na matete. Fundi aliyewafundisha watu wote wasimwage maji, sasa yeye ndiye anayamwaga! Wapangaji wakampa jina, Bwana Ndoo. Danford alisema anamwonea huruma kidogo tu, mkataba wake ukiisha aende.

Alhamisi moja saa kumi, Scola alimkuta kwenye ngazi ya ghorofa ya tatu. Yeye anapanda na deki, Januarius anashuka na ndoo. Ovaroli lilikuwa limemlegea, amekonda. Scola akaweka fimbo ya deki katikati ya njia.

"Bwana Ndoo."

"Nipishe, Scola."

"Kwanza nieleze. Sisi tulikatazwa kumwaga hata maji ya kunawa. Rangi kidogo tu ilinifanya nikafokewa mbele ya wateja. Leo fundi mzima anashusha maji ya povu kwa ndoo, anamwaga nje. Unamwonyesha nani?"

"Simwonyeshi mtu."

"Unamkebehi mama yangu! Maana kila saa ukipita hapa anakuona dirishani. Umemdharau kwa bomba, umemkomoa kwa tanki, sasa unamkebehi kwa ndoo!"

Januarius akaweka ndoo chini. Maji yakaruka, yakalowesha viatu vyake. Alipoinua uso, Scola alirudi nyuma hatua moja, kwa sababu hajawahi kumwona na hasira ya namna ile.

"Haya ni maji niliyooga," akasema kwa sauti ya chini. "Umeridhika? Naogea kwenye beseni, nachota kikombe kwa kikombe, natia kwenye ndoo. Bomba la bafu langu nimeliziba kwa simenti siku ile ile mama alipokataa. Nilimwomba Danford nivunje ukuta niliondoe kabisa, akaniambia nikigusa tailizi zake ananiweka ndani. Basi nabeba. Ngazi sitini na nane, asubuhi na jioni."

"Na tanki?"

"Tanki lilikuwa na maji yangu. Ulitaka mama yako aendelee kuyashika? Ningeyatenganishaje, Scola, kwa kijiko? Niliyamwaga yote lisibaki hata tone, nikalisugua tanki kwa brashi nimo ndani."

Hasira ikamrudia Scola, maana ndicho kitu kilichokuwa karibu. "Na kwa nini hukusema? Nilikuuliza! Nilikuuliza kwenye simu, watu wote wanasikia!"

"Ndiyo, watu wote wanasikia! Uliweka spika. Nikamsikia mama anakohoa. Ulitaka nimtajie mama mkwe bafu langu, nimwambie naoga vipi, ndani ya saluni? Umelelewa wapi wewe mwanamke? Ningekufa kwanza."

"Ungeniandikia."

"Umenizuia."

"Ungenifuata."

"Ulikuwa unafunga mlango kwa kishindo mpaka rangi ya ukuta inadondoka!"

Walitazamana. Kwenye ndoo povu lilikuwa linapasuka taratibu. Scola akaona mstari mwekundu kwenye kiganja cha Januarius, pale waya wa ndoo unapokata kila siku.

"Mjinga wewe," akasema. "Mjinga mkubwa. Nakupenda, halafu unaniacha nikuchukie wiki mbili nzima."

"Nipishe, Scola. Maji yanapoa," akasema, lakini sauti haikuwa na ukali tena. Akainua ndoo yake, akashuka.

Scola aliingia ndani na deki bado mkononi. Mama yake alikuwa kwenye kiti chake dirishani, mgongo ameupa mlango, amelitazama ua. Mlango ulikuwa wazi muda wote ule.

"Mayu, umesikia?"

"Mimi si kiziwi."

"Alilimwaga tanki kwa ajili yako."

"Nimesikia nimesema."

Kule chini Januarius alitokea nyuma ya ukuta, akauendea mpapai. Mama Milembe aligeuza uso upesi, akajifunika kanga, akasubiri mpaka aliposikia mwanaume ameondoka.

"Ule mpapai umechipua," akasema. "Tulipokuja ulikuwa mti mkavu. Nimeuangalia siku zote hizi, nikasema huyu mjinga ananywesha mpapai kwa maji ya sabuni." Akavuta kanga begani. "Na mimi namlaani. Asubuhi na jioni, kama dozi."

"Ndiyo, mayu."

"Simwombi radhi. Alinikosea. Mtu mwenye akili angefikiria bomba kabla ya kutuma mshenga."

"Ndiyo, mayu."

"Na yule Masunga asikanyage hapa mpaka mvua zinyeshe."

Aliinuka kwa shida, akishika goti, akaenda jikoni. Scola alisikia vitu vinasukumwa. Mama alirudi na ile ndoo yake nyeupe aliyokuja nayo kutoka Sapiwi imejaa michembe, akiba yake ya viazi vikavu ambayo hakuna mtu aliyeruhusiwa kuigusa bila kuomba. Akaimimina michembe yote juu ya ungo, mingine ikaanguka chini, hakuijali. Akaisuuza ndoo kwa maji ya tanki jeusi, mara ya kwanza, mara ya pili. Akaipangusa kwa upande wa kanga yake. Mwisho akaifunika mfuniko, akaubana kwa viganja viwili mpaka ukalia.

"Mpelekee."

"Nimwambie nini?"

"Mwambie mkwe wangu habebi maji yake wazi mchana kweupe, watu wakayaona."

Scola alipanda zile ngazi mbio, gauni amelishika mkononi, nywele zimemfunguka. Januarius alikuwa amekaa kwenye ngazi ya juu kabisa, mbele ya mlango wake, ndoo tupu miguuni, hana nguvu za kuingia ndani. Akaipokea ile ndoo nyeupe kwa mikono miwili, akaigeuza geuza.

"Ya nini hii?"

"Ya mama."

"Inanukia michembe."

"Utaizoea."

"Amesema nini?"

"Amesema alikosewa, na hakuombi radhi."

Januarius akatikisa kichwa, akaiweka ndoo kando. "Nilijua."

"Subiri, sijamaliza," Scola akasema, akakaa karibu naye na kumshika kile kiganja chenye alama. "Amekuita mkwe."